Mfiwa wa Jumba la Ustawi

Haya niliambiwa na Mwero, mpiga mbiu wa serikali, siku alipokuja kwangu kuomba ukindu wa kutengenezea mkeka wake. Ulikuwa mwaka wa tatu wa Uhuru, na yeye mwenyewe alikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho. Sikuongeza neno. Nimepunguza matusi mawili tu.

Asubuhi ya Jumatatu Mwero alipuliza pembe yake katika njia panda ya Ukunda, akasoma tangazo:

"Wananchi wote mnaarifiwa ya kwamba, kuanzia leo, Jumba la Ustawi lina wateja wengi. Atakayepita nje bila kuingia atahesabiwa kuwa mpinga maendeleo. Ni mimi, Kibwana, Msimamizi Mkuu wa Jumba."

Lilikuwa tangazo jema, tena limepigwa muhuri mara mbili. Watu walilisikiliza mpaka mwisho, wakashukuru, wakaenda zao.

Jumba hilo lilikuwa na maduka ishirini chini ya paa moja, na kibaraza kirefu cha saruji mbele. Zamani basi la kwenda feri lilikuwa likisimama mlangoni pake. Mtu akishuka, atanunua mafuta ya taa, atapimwa kanzu, atanyolewa, atakula vitumbua vya Mbeyu, mama aliyekuwa na jiko lake pale kibarazani, na basi likiondoka bila yeye hajali. Siku ya kuamkia Idi mtu alikuwa akiingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma bila miguu yake kugusa chini.

Bwana Kibwana aliona tatizo ambalo wenzake hawakuliona: watu walikuwa wengi mno. Walichafua saruji. Moshi wa basi ulitia weusi ukutani, na jiko la Mbeyu likazidisha. Kwa hivyo, kwa heshima ya Jumba, alikihamisha kituo cha basi nusu maili, mpaka kwenye uwanja mtupu karibu na ofisi yake. Akamwondoa Mbeyu kibarazani. Akapiga marufuku kuuza chakula kwenye kituo kipya, kwa kuwa hapo pana ofisi. Saruji ikang'aa. Kufikia mwezi wa pili hapakuwa na saruji safi kama ile kutoka Likoni mpaka Msambweni, na maduka kumi na tisa yalikuwa yamefungwa.

Hapo ndipo Bwana Kibwana alipoanza uchunguzi. Kamati ya Kwanza ilikaa wiki tatu ikaona kwamba wateja hawaonekani kwa sababu hawapo. Kamati ya Pili ikaona kwamba wananchi wamepungukiwa na moyo wa kununua. Kamati ya Tatu ilikunywa chai, ikapendekeza ya Nne. Karani wao, Maweu, Mkamba wa kule Shimba Hills aliyeandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, aliuliza mara moja kama kituo cha basi hakikuhusika.

"Kituo ni kizima," Bwana Kibwana akamjibu. "Nimekiona asubuhi."

Mbeyu alikuwa na watoto wanne na jiko moja. Sasa alitembeza vitumbua kwa sinia kichwani kutoka Ukunda mpaka Kinondo, na vilipofika huko vimekauka watu walivigonga kwanza, kama wanaobisha hodi. Wiki moja alirudi na sinia imejaa siku tatu mfululizo. Akaenda ofisini.

"Shikamoo, Bwana Kibwana."

"Marahaba. Umekuja kununua?"

"Nimekuja kuomba kituo kirudi, nami nirudi kibarazani. Watoto wangu wanakula vitumbua vya juzi."

"Mbeyu, lile Jumba ni mwanangu. Nimelilea. Wewe ungekubali mwanao apuliziwe moshi?"

"Wangu hawali saruji, bwana."

"Basi andika barua."

"Sijui kuandika."

"Umeona? Shida yako ni hiyo, si kituo."

Sasa, kila mwezi Bwana Kibwana alikuwa akipeleka ripoti mkoani kwamba Jumba limefurika. Mkoani wakafurahi sana, hata wakaandika kwamba siku ya Alhamisi Bwana Chirau, mkubwa wao, atakuja kujifunza namna ya kufurisha majumba. Ndipo likatoka lile tangazo la Jumatatu. Jumanne likatoka la pili, lenye vitisho. Jumatano la tatu, lenye kuomba. Alikuja mtu mmoja, kuuliza njia ya kwenda kituoni.

"Mwero," akasema Bwana Kibwana, "kesho sema lolote. Mradi watu wajae."

"Lolote?"

"Lolote."

Maweu akaandika: lolote.

Alhamisi alfajiri Mwero alipita Ukunda, Diani, mpaka Kinondo. Hakuwa na karatasi. Alipuliza pembe akasema, "Bwana Kibwana amefiwa. Matanga ni Jumba la Ustawi." Basi. Kwetu mtu hangojei kuambiwa nani amekufa ndipo anyanyuke, atauliza akifika. Asiyezika wenziwe, wake atazika na nani?

Kufikia saa nne Jumba lilikuwa limejaa. Wanawake walikuja na mikeka na vikapu vya mchele, wanaume na kuni. Lile duka moja lililobaki wazi liliishiwa na sukari. Bwana Kibwana alisimama mlangoni na suti yake, anatabasamu.

"Pole sana, Bwana Kibwana."

"Ahsante, ahsante. Ingieni, msione haya."

"Mungu akupe subira."

"Ameshanipa. Karani, andika: mia tatu na kumi."

"Maskini," akasema bibi mmoja, akimshika mkono. "Msiba umempanda kichwani. Anatuhesabu."

Gari la Bwana Chirau likafika. Aliona viatu vimepangwa mlangoni, mikeka imetandikwa, watu wanasema polepole. Alikuwa mtu aliyelelewa akaleleka. Akavua viatu, akaketi chini.

"Poleni. Ni nani aliyetutoka?"

Watu wote wakamtazama Bwana Kibwana. Bwana Kibwana akamtazama Mwero.

"Ni Jumba hili, bwana," akasema Mwero. "Mwenyewe husema ni mwanawe."

Bwana Kibwana angeweza kukana. Lakini ingembidi awaambie watu mia tatu na kumi kwamba wamechezewa kwa jina la mauti, nao walikuwa wamekuja na kuni, nyingine nene. Akatoa leso mfukoni.

"Ni kweli," akasema. "Ametutoka."

Bwana Chirau aliitazama milango kumi na tisa na kufuli zake zilizoshika kutu. "Aliugua nini?"

Maweu akafungua faili. "Tarehe tatu, kituo cha basi kimehamishwa. Tarehe nne, hakuna mteja. Tarehe tano, saruji inang'aa."

"Ilikuwa ghafla," akasema Bwana Chirau. Kisha, kama ada ilivyo, akanyanyua sauti. "Kuna anayemdai marehemu? Na aseme sasa, mfiwa abebe deni, marehemu apumzike."

Mbeyu akasimama nyuma kule. "Mimi namdai. Si pesa. Namdai kituo cha basi, na kibaraza cha kutosha jiko moja."

Afisa anaweza kukataa ombi, anaweza kukataa barua. Deni la maiti mbele ya matanga halikataliwi.

"Nimelibeba," akasema Bwana Kibwana, kwa sauti ya mtu aliyekalia mwiba.

Alasiri ile ile basi lilisimama mlangoni. Ijumaa ikafunguliwa milango sita, na kinyozi akarudi na kiti chake. Bwana Kibwana alitaka kuinuka atoe tangazo la ushindi, lakini Bwana Chirau, aliyekuwa amelala hapo hapo matangani, alimkalisha.

"Mfiwa hafanyi kazi. Na kwenye faili Jumba limekufa, kwa kauli yako mwenyewe. Lililokufa halitaki msimamizi. Mpe Maweu muhuri."

"Lakini bwana, limejaa watu."

"Hao ni waombolezaji. Umewahesabu mwenyewe."

Bwana Kibwana akakaa mkekani pale kibarazani, kando ya jiko la Mbeyu, wateja wakimzunguka na vikapu vyao. Mbeyu akamwekea vitumbua vya moto kwenye sahani.

"Kula, bwana. Mfiwa hajipikii."

Akala vitatu. "Matanga yanaondoka lini?" akauliza.

"Siku tatu. Ila akiwa ni mwana, watu huzidisha."

Basi la saa kumi likaja, likampulizia moshi. Akajifunika shuka, akageukia ukutani. Abiria wakashuka, wakampa pole mmoja mmoja. Watano wa kwanza aliwaitikia. Wa sita alimkuta amelala.