Kifo Changu cha Kishairi Mjini Dresden

Jumamosi, 1 Mei 1819

Nimepata! Nimepata njia ya kumpata Seraphine!

Juzi barazani kwao, wanapokutana washairi na wachoraji, alitangaza mbele ya watu kwamba mwanamume mwenye mashavu mekundu hawezi kuwa na roho. Alisema hayo akinitazama mimi. Mimi! Mtoto wa muuza soseji ana kosa gani akiwa na damu mwilini? Eti sisi Waromantiki tunaishi kwa majonzi, ukungu na magofu, na anayeshiba arudi karne iliyopita. Traugott Lommatz, yule mchora magofu, akacheka mpaka akashika mbavu. Yeye kapauka tangu kuzaliwa, hajajisumbua hata kidogo. Namchukia.

Kwa hiyo nitaugua kifua. Nitakufa polepole, kwa heshima. Seraphine ataingiwa na huruma, huruma itageuka penzi, penzi litaniponya, tutafunga ndoa. Sioni pa kukosea.

Siki kikombe kizima asubuhi, kingine jioni, ili nipauke. Chakula marufuku. (Nimekula soseji moja. Ya kuagana.)

Jumanne, 4 Mei

Siki jamani! Tumbo linawaka moto. Lakini mashavu yameanza kusinyaa, nimeyaona kiooni.

Nimepita chini ya dirisha la Seraphine nikikohoa. Nimekohoa mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Dirisha likafunguliwa. Si yeye! Ni Dorothee, binamu yake anayekaa nao, yule wa kuchekacheka. Akaniuliza kama nimekwamwa na mfupa. Nikamjibu kwa sauti ya chini kwamba mimi ni mtu wa kufa. Akashuka na bakuli la supu ya viazi yenye vipande vya nyama ya nguruwe, akasema basi Bwana Leberecht afe akiwa ameshiba.

Nikala. Nikaongezewa. Nikala tena. Alikaa ngazini kidevu mkononi, akasema anapenda kumwangalia mwanamume anayekula kwa moyo mmoja. Msichana mwema. Masikini, ushairi hana hata chembe.

Alhamisi, 6 Mei

Imekubali! Imekubali!

Nimeingia barazani na koti jeusi na kitambaa cheupe nilichokidondoshea jamu ya cheri, nyekundu kama damu. Nikasubiri piano ifike pale penye huzuni zaidi. Nikakohoa. Kitambaa kikaonekana. Seraphine akapiga yowe, akakimbia, akanishika mkono, akaniita Leberecht wake. WAKE! Traugott uso ulimshuka. Nilitamani kucheka, nikajikaza, nikakohoa tena.

Kisha Seraphine akainama sikioni kwangu na kuniuliza nitakufa lini.

Nilishtuka kidogo. Nikasema labda majani yakianza kupukutika. Akakunja uso. Vuli ni mbali mno, akasema, na hata hivyo kila mtu anakufa vuli siku hizi. Waridi linachanua Juni. Je, siwezi kujitahidi nife Juni? Nikakubali. Mtu aliyeshikwa mkono anakataaje?

Jumapili, 9 Mei

Mama yangu mzazi! Mambo gani haya?

Nimealikwa matembezi kwenye magofu ya abasia, nyumba ya kale ya watawa. Nikadhani ni mimi na Seraphine na machweo. Kumbe ni baraza zima, na vikapu vya keki, na tumekwenda kunichagulia kaburi! Wakagombana. Nusu wanataka chini ya mwaloni, nusu karibu na ukuta uliobomoka. Mimi mwenyewe sikuulizwa. Traugott akanilaza kwenye nyasi zilizolowa anichore, akaniambia niache kutabasamu, marehemu hatabasamu. Nimeinuka pale na mafua ya kweli.

Seraphine ameshashona gauni la msiba. Limempendeza, sikatai. Shairi la maombolezo nalo limefika mbali. Beti zake nzuri, isipokuwa ule unaoeleza nitakavyooza.

Nikajificha nyuma ya ukuta nipumue. Dorothee akanifuata na mkate na jibini, akaniuliza taratibu kama naumwa kweli. Macho yamemjaa machozi! Dorothee, wa kucheka! Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia ukweli wote. Akanipiga kofi la bega, akacheka, akalia tena, akaniita mjinga wa kutupwa. Kisha akanimegea jibini lililobaki. Simwelewi hata kidogo.

Jumanne, 11 Mei

Nimeponea chupuchupu!

Baraza linataka sura yangu ya plasta, itundikwe ukutani nikishaondoka. Traugott akaja na ndoo. Eti afadhali leo, kabla sura haijaharibika. Akanilaza mezani, akanitia mirija miwili puani ya kupumulia, akanimwagia plasta uso mzima. Ikaanza kukaza. Na hapo hapo yale mafua ya magofuni yakanijia. Nikapiga chafya. Mirija ikaruka!

Sipumui! Natupa miguu! Namsikia Traugott akimwambia Seraphine, kwa sauti ya mtu mwenye furaha, kwamba yaelekea ndiyo basi. Namsikia Seraphine akilalamika kwamba mbona mapema, shairi halijaisha! Hakuna aliyenigusa. Aliyekuja mbio akanibandua kwa mikono yake miwili ni Dorothee. Alimtukana Traugott matusi ambayo sikujua wasichana wanayajua.

Nyusi zangu zote zimebaki ndani ya plasta. Nimejitazama kiooni nikaona yai. Traugott anasema kinyago kimetoka kizuri kuliko mwenye sura.

Alhamisi, 13 Mei

Nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Seraphine alimwalika Daktari Kreusel barazani aje aseme nimebakiza siku ngapi, ili watu wajipange. Sikuambiwa! Mzee akanivua shati mbele ya wanawake, akabandika sikio kifuani, akagonga, akasikiliza, akagonga tena. Kisha akatangaza kwa sauti ya mnadi ng'ombe kwamba kifua hiki kinaweza kuvuta mkokoteni, kijana ataishi mpaka uzee wa kuchosha watu, ila apunguze siki.

Piano ikanyamaza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini akili yangu hailali. Nikapiga magoti papo hapo, nikamwambia Seraphine kwamba nimepona! Penzi lake limeniponya! Sasa tuoane! Nikafungua mikono nikisubiri anirukie.

Akaangua kilio. Kilio cha kweli, cha mtu aliyefiwa. Akasema nimemdhulumu. Yeye ameshona gauni, amemaliza beti zote, amekataa wachumba kwa ajili ya kaburi langu, na mimi namletea afya! Akaniuliza kama sina haya. Watu wakanitazama kama mwizi wa sadaka.

Na hapo hapo Traugott akakohoa. Mara moja tu. Taratibu. Seraphine akafuta machozi, akamgeukia. Nilimwona kwa macho yangu akimgeukia! Kikohozi changu! Kaniibia kikohozi changu!

Jumamosi, 15 Mei

Wamechumbiana. Traugott anakufa Juni. Amepewa mpaka kaburi langu, lile la chini ya mwaloni. Nimelia asubuhi nzima.

Mchana Dorothee akaja. Akasema nisihangaike na nyusi, zitaota, na hata zisipoota yeye hazimsumbui. Akasema kesho wanachoma bata bukini kwa wazazi wake, mji wa jirani wa Pirna, na amewaambia atakuja na mtu. Akasema hajawahi kumpeleka mtu kwao. Alikuwa akisokota ncha ya aproni na uso umemwiva. Nadhani ametoka kupika.

Bahati nzuri alinikuta katikati ya wazo kubwa. Nimegundua kosa langu! Kifua kinapimwa. Daktari yeyote mwenye sikio anaweza kukuumbua. Lakini wazimu! Nani atapima wazimu? Na Seraphine mwenyewe ameshasema mara nyingi kwamba mwendawazimu peke yake ndiye anayeiona kweli. Nitazungumza na miti. Nitavaa kiatu kimoja. Traugott akohoe mpaka apasuke, safari hii sishindwi.

Nimemshukuru Dorothee kwa adabu zote. Nimemwambia Jumapili sitaweza, naanza wazimu.