Kidole Laini cha Mgombea

Jumatatu, 3 Februari
Ukungu umeilalia Mgeta kama paka juu ya gunia. Nimeutazama kutoka kitandani hadi saa nne, nikajiona napita ndani yake, mwenyekiti wa wakulima wa mboga, kabichi zikiniinamia. Uchaguzi ni Jumamosi. Mpinzani wangu Magdalena. Analima, ndiyo. Lakini amesoma vitabu vingapi?

Jumanne, 4 Februari
Mashine ya alama za vidole imefika ofisi ya kata. Bila kidole, hakuna mbolea ya ruzuku. Mke wangu Joyce kajaribu vidole vyote. Imekataa! Jembe limeshafuta alama. Magdalena naye, imemkataa. Nikapanda juu ya benchi, nikanguruma: huduma gani hii inayomnyima mbolea mwenye shamba? Makofi! Ndipo afisa akasema basi niweke changu, mbolea yetu itoke kwa jina langu. Hatari! Kidole changu hakijui jembe. Mashine ingekikubali mbele ya wapiga kura wote! Nikasingizia tumbo. Nikatoroka.

Jumatano, 5 Februari
Joyce kasema mbegu za viazi zimechipua, mvua haimsubiri mgombea, na afisa anaondoka kesho. Nina mpango. Kidole cha shahada kikataliwe hadharani. Jioni nirudi kimyakimya na dole gumba. Nimeketi nyuma ya nyumba na jiwe la kunolea panga, nikasugua. Kijito kinaimba. Nikaota mashine inanilia machozi, inaniita mheshimiwa. Kuzinduka, nimesugua vyote kumi.

Alhamisi, 6 Februari
Kidole cha shahada kimekataliwa! Watu wakasema, kumbe na huyu ni mwenzetu! Magdalena mwenyewe akanipa pole, akaniita kaka. Raha iliyoje! Jioni, dole gumba. Limekataliwa. La kushoto. Limekataliwa. Vyote! Afisa akafunga mashine yake, akapanda pikipiki. Nikamweleza Joyce kuhusu dhuluma ya teknolojia. Akalitazama lile jiwe. Akauliza nimenoa panga lipi.

Jumamosi, 8 Februari
Makofi yangu, kura za Magdalena. Joyce kampa yake na hakuficha. Mwenyekiti mpya kaamua samadi ya mbuzi wote wa kijiji ikusanywe, waliokosa mbolea wagawiwe. Joyce atapata kwa sharti moja: nibebe mimi. Njia ni mlima mtupu. Nimebeba.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya misa, Magdalena katangaza kwamba amembana afisa kwa simu mpaka kakubali: atarudi na mashine ya kusoma sura. Vigelegele. Mimi peke yangu nimeuona mtego! Uso wangu umelelewa kivulini, laini kama yai. Mchana nimesinzia, nikaota nina makunyanzi marefu ya heshima, kama mabonde ya Uluguru. Uchaguzi mwingine utakuja. Kesho naanza kukaa juani, shambani, kutwa nzima. Joyce kasema maadamu nitakuwa huko, nishike na jembe.
Mwanamke huyu hana maono kabisa.