Kiti cha Mtemi kwenye Kifuko cha Karanga

Jumatatu, 7 Julai 2025
Sabasaba. Watu wamepumzika, mimi nafanya kazi ya kichwa. Mzee Benjamini, mkubwa wa ukoo wetu, tulishamzika. Kiti chake kiko wazi. Jumapili ukoo unakutana hapa Ushirombo kumchagua wa kukikalia. Huyo ndiye anakula kidari cha ng'ombe, na akisema watu wananyamaza. Mimi nikisema wanacheka. Wazee wanataka ushahidi wa nani hasa katoka kwa Mtemi Lubigisa, mtawala wetu wa zamani. Mimi! Mtemi alimzaa Ngusa, Ngusa akamzaa baba, baba akanizaa mimi Kamili, akapumzika. Agapiti, mdogo wangu wa ukoo, eti naye anakitaka. Watu wa kwao wametokea kwa Milembe, dada wa mtemi. Kwa dada! Nikamuuliza tangu lini kiti kikapitia jikoni.

Jumanne, 8 Julai
Ugunduzi! Nimenunua karanga kwa Paskalina sokoni. Kifuko ni ukurasa wa kitabu cha kale, habari za watemi wa huku na koo zao. Shule sikukanyaga, ila katekista alinifundisha herufi, nasoma kwa kidole. Paskalina kasema kitabu kilikuwa cha marehemu baba yake. Mchwa wamekula nusu, nusu anafungia karanga. Nikaomba aniuzie kizima. Akasema babu, kizima hakipo, jalada niliwashia jiko, karatasi zote zimeshajazwa. Ukitaka historia, kula.

Alhamisi, 10 Julai
Tumbo limekuwa ngoma. Nimekula asili ya Wasumbwa. Nimekula njaa moja na vita viwili. Nimekula nusu ya wamisionari. Ngusa hajaonekana. Generosa, mke wangu, kasema leo nikalale nje na watemi wenzangu. Wivu.

Jumamosi, 12 Julai
NIMEMPATA! Chini kabisa ya ukurasa: "Mwana wa kwanza wa Mtemi Lubigisa alikuwa Ngusa." Ukurasa umeishia hapo, na ubishi umeishia hapo. Paskalina akanipa kifuko kilichofuata. Nikachungulia juu. Kinaanza na "lakini". Mambo yanayoanza na lakini mimi sisomi. Na tumbo lilishagoma. Njiani nikakutana na Agapiti kwenye pikipiki yake, nikampa hizo karanga. Nikamwambia kula, mjukuu wa jikoni, kesho nyama utaisikia harufu. Akashukuru! Mjinga kabisa.

Jumapili, 13 Julai
Nilivaa koti. Nikasoma mbele ya ukoo mzima, kwa kidole na kwa sauti. Vigelegele! Bibi Asteria, mkongwe kuliko wote, alishatandika ngozi kwenye kiti. Nikaanza kuinamisha makalio. Agapiti akasimama na kikaratasi chenye mafuta. Akasema shikamoo kaka, asante kwa karanga, naomba nikumalizie habari yako. Akasoma: "Lakini kwa desturi ya nchi kiti hakikwenda kwa mwana. Kilikwenda kwa mtoto wa dada yake, Milembe."

Bibi Asteria akasema ndivyo ilivyokuwa zamani, mtemi anarithiwa na mpwa. Mtoto wa dada ni damu yako, hana shaka. Mtoto wa mke, anajua mke. Halafu akaiangalia pua yangu, muda mrefu. Ukoo mzima ukaangua kicheko. Ngozi ikavutwa, mimi bado nimeinama.

Agapiti kala kidari. Mimi nimepewa utumbo. Kasema nile taratibu, maana tumboni mwangu mna historia nyingi.

Jumatatu, 14 Julai
Nimelala vizuri. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la mtemi, hakuwaza wajukuu.

Paskalina kanionea huruma, kanipa vifuko viwili bure. Nikasoma cha kwanza, chini kabisa. Kuna mtemi mmoja wa upande wa Chato, alikuwa na dada, na huyo dada aliolewa mbali. Ukurasa ukaisha. Sasa, bibi mzaa mama yangu alitoka Chato. Aliolewa mbali. Na alikuwa dada wa mtu, hilo nani atabisha? Nimemwambia Generosa anipigie koti pasi, kesho napanda basi, nakwenda kudai kiti changu. Akauliza ukurasa unaofuata unasemaje.

Nikamwambia sijui, ulianza na "hata hivyo". Kifuko nimempa dereva wa bodaboda, na karanga zake.