Karatasi ya Injinia na Ng'ombe Yangu

Jumatatu, 4 Machi 1974
Basi, nilikuwa nimefika kwa huyu injinia mpya, Wandera, kabla ya chai ya asubuhi. Anapanga watu na karatasi! Amechora viboksi. Juu kazi mbili: bomba ya maji Kiriaini, daraja ya Sagana. Kando manyapara wawili: mimi na Ogutu. Ndani, siku ambazo kila mtu atamaliza kila kazi. Ati hesabu ndiyo itachagua. Hesabu inajua watu? Mimi lazima niende Kiriaini. Boma yangu iko huko, na ng'ombe atazaa wiki ijayo. Mwaka jana alizaa nikiwa mbali, ndama ikafa.

Jumanne, 5 Machi
Tumeulizwa siku zetu. Nikasema bomba kumi, daraja kumi na mbili. Mwanaume hajidharau. Ogutu akasema bomba kumi na tano, daraja thelathini. Nimemshinda kote! Nikamwambia pole. Akacheka tu. Hiyo kicheko iko na kitu ndani.

Jumatano, 6 Machi
Nikampelekea injinia chai mwenyewe. Nikamnong'oneza ati Ogutu anaogopa mto, akiona maji magoti inatetemeka. Injinia akafuta ile thelathini, akaandika arobaini na tano. Akanishukuru sana. Kwisha Ogutu.

Alhamisi, 7 Machi
Natumwa Sagana. Mimi! Benter wa kuchapa barua ananieleza: mimi bomba, Ogutu daraja, jumla siku hamsini na tano. Tukibadilishana, ishirini na saba. Nikamuuliza, aliyeshinda kote ndiye anatupwa mbali? Akasema, "Mzee Theuri, si wewe ulisema Ogutu hawezi mto?" Nashuku huyu. Yeye na Ogutu hula githeri meza moja.

Jumatatu, 18 Machi
Sagana. Nalala kwa hema, mbu kama kuku. Barua ya mke wangu Kagendo imefika. Ng'ombe alizaa Ijumaa, ndama ilikuja vibaya, miguu ya nyuma ikitangulia. Ogutu alikuwa anachimba mtaro hapo kwa boma. Akaacha jembe, akaivuta. Inanyonya vizuri. Kagendo ameiita Ogutu.

Alikuwa anatafuta nini kwa ng'ombe yangu?

Sawa. Leo injinia anakuja na karatasi mpya: barabara ya Kutus, na bomba ingine hapo hapo Kiriaini. Safari hii niko tayari. Kutus nitasema siku nane. Na Ogutu, nitasema hata barabara anaogopa, hiyo ataandikiwa sitini, halafu tuone ni nani

Kobia, kibarua wangu, anaita. Ati mbao za daraja zimebebwa na mto, na injinia amesimama hapo anauliza ni nani alisema siku kumi na mb