Bwana Harusi Kichwa Chini

Jumatatu, 6 Oktoba
Balaa! Hapa dukani kwangu nimechapa kadi ya harusi ya Derick na Severina. Kwenye kioo cha kompyuta, picha safi kabisa. Kwenye karatasi, Derick kichwa chini, miguu juu! Severina kasimama vizuri pembeni yake, anatabasamu. Mzee Laurian, baba yake Derick, kaitazama, kakaa bila kukaribishwa. "Antipasi, mwanangu anaoa au anachinjwa?"
Nikamwamkia upya. Shikamoo.
Kosa si langu, ni la hii programu ya bure ninayotengenezea kadi. Mzee kasema anaipeleka kazi kwa Evodia, mwenye steshenari ng'ambo ya barabara. Evodia! Anatumia programu hiyohiyo!

Jumanne, 7 Oktoba
Nimewaandikia watengenezaji wa programu. Ukali mtupu. Nimedai pesa yangu irudi. Mmoja kajibu kwa upole: programu haiuzwi, kwa hiyo hakuna pesa ya kurudisha. Yeye ni mwalimu huko kwao, kazi hii anaifanya kwa kujitolea akitoka shule. Nimeshtuka. Halipwi hata soda?
Kaomba nimtumie faili la kadi na nimwambie natumia toleo gani. Faili! Aibe maua niliyoyabuni mwenyewe? Simpi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mbinu! Kama printa inampindua Derick, nimpindue mimi kwanza, printa imsimamishe. Nimechapa. Derick wima. Severina kichwa chini, shela linaning'inia! Nimepiga yowe hadi muuza vitunguu wa jirani kaja mbio, kadhani umeme umenipiga.
Nimewaandikia tena, kwa majina mbalimbali, waone taifa zima limekasirika. Mwalimu kashukuru, kisha kauliza mbona taifa zima linatumia anwani moja ya barua pepe. Kamtambuaje mtu aliye huku kwetu Mkiwa?

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimekwenda kwa Evodia kupeleleza. Nikasingizia kuazima gundi. Kwenye kompyuta yake, kila akichapa, Derick kichwa chini vilevile. Furaha niliyoipata! Lakini mwenyewe anakunywa chai, katulia. Nikamuuliza haogopi?
"Kaka Antipasi, nimewatumia faili, nimewaeleza nilichobonyeza. Wanatafuta. Nao wana shughuli zao, tuwape nafasi."
Nafasi! Harusi iko mlangoni!

Jumatatu, 13 Oktoba
Toleo jipya limetoka. Nimechapa nikiwa nimefumba macho. Derick wima! Severina wima! Machozi yamenitoka.
Kisha nikasoma maelezo yao. Wanamshukuru Evodia wa Mkiwa, Tanzania, kwa kuripoti vizuri na kuwa mvumilivu. Evodia! Hitilafu ilikuwa yangu! Niliiona mimi kwanza! Na Mzee Laurian kachukua kadi zote kwa Evodia, kampa na jogoo.
Lakini mimi naujua ukweli. Ukali wangu ndio uliowaamsha wale watu. Wangebembelezwa tu, wangelala mpaka leo.
Jioni hii nimeona herufi moja imepinda kwenye ratiba ya kwaya niliyoichapa. Nimeshaanza kuandika: "Wazembe wapendwa..."