Noti ya Pennsylvania na Kiti cha Arlene

Jumanne, 7 Novemba
Mkutano wa chama chetu cha wakusanyaji wa pesa za kale, ukumbi wa chini wa kanisa la Walutheri. Clyde Zook kaleta noti yake tena. Shilingi kumi na tano za Pennsylvania, mwaka 1773, kabla nchi hii haijawa nchi. Wote wakamzunguka. Nikabaki na birika la kahawa na sarafu zangu ambazo hakuna aliyeziulizia. Hata Loretta Brubaker, ambaye kwenye mambo ya pesa za karatasi neno lake ndilo la mwisho, aliinama juu ya noti ya Clyde mpaka miwani ikamteleza. Clyde akaniuliza, kwa sauti ya kusikika na wote, kama bado nakusanya vifuniko vya chupa. Sijawahi kukusanya vifuniko vya chupa.

Nyumbani nikawasha redio ili kuwe na mtu anayeongea. Nimeamua. Nitapata noti yangu.

Jumamosi, 11 Novemba
Mnada wa shamba, nje ya Ephrata. Matrekta, kuku, na fremu moja yenye kioo kilichopasuka. Ndani yake noti. Shilingi ishirini! Rangi ya kahawia, imekunjamana, ukiigusa inalia kama jani kavu. Imeandikwa kwamba atakayeghushi atauawa. Mwamishi mmoja, wale wakulima Wakristo wasioendesha magari, alipandisha bei mara moja, akanitazama usoni, akaacha. Nadhani alinihurumia. Shauri yake.

Kitabu changu kinasema karatasi ya kweli ina vichembe vya ulanga, madini yenye kumeta kama kioo. Nimeisogeza kwenye taa. Inameta. (Baadaye kidole kilitoka damu. Baadhi ya vinavyometa ni kioo cha fremu. Baadhi tu.) Saini tatu, wino wa kahawia. Niligeuka nimwambie mke wangu, Arlene. Alifariki Februari, bado nageuka.

Jumatatu, 13 Novemba
Nimempigia Loretta. Akasema niilete kwenye mkutano ujao. Nikasema noti ni dhaifu mno, haiwezi kusafiri. Akauliza ilifikaje kwangu basi. Kisha akasema basi atapita yeye kesho mchana.

Kesho mchana. Nimefagia hata nyuma ya jokofu.

Jumanne, 14 Novemba
Nilinunua dukani pai ya molasi, ile asali nyeusi ya miwa, nikaihamishia kwenye sahani ya Arlene, nikamwaga unga kidogo mezani ionekane nimeoka. Loretta akaniambia kibandiko cha bei kiko chini ya pai.

Alikaa kwenye kiti cha Arlene. Hakujua. Sikumwambia. Ilikuwa vizuri kukiona kina mtu.

Akatoa lenzi. Akaangalia. Hakuangalia muda mrefu.

“Wendell, hebu njoo uone mwenyewe.”

Saini zilikuwa nukta tupu, kama picha ya gazetini. Akasema saini ya kweli ilitiwa kwa kalamu ya unyoya, wino mzito hapa, mwepesi pale, na mtu alikaa akaitia noti moja baada ya nyingine. Tena herufi za kweli huuma karatasi, ukipapasa nyuma unazisikia kwa kidole. Yangu ni laini kama meza. Kisha akatoa ya kwake kwenye mkoba. Kahawia ileile, mikunjo ileile, na namba ileile. Huuzwa kwenye maduka ya makumbusho, wananunuliwa watoto. Yeye huitumia kufundishia.

Nikasema pengine yake ndiyo iliyonakiliwa kutoka kwenye yangu. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Hakucheka kwa ubaya.

Alikaa mpaka giza likaingia. Alinisimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akikoroma kanisani. Nami nikamsimulia Arlene alivyokuwa akiimba akichemsha maziwa, na kila mara yakifurika. Sikuwa nimeongea hivyo tangu mazishi.

Mlangoni akasema: “Alhamisi jioni nacheza karata na dada yangu na jirani. Tunapungukiwa mtu wa nne. Njoo. Na mwenzangu, huhitaji noti ndio uniite.”

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Maana yake ni kwamba noti yenyewe haikutosha.

Alhamisi, 16 Novemba
Tangazo gazetini: mnada leo jioni, mji wa Reading, albamu nzima ya noti za kikoloni. Nikapiga hesabu. Nikienda, nikashinda, nikaendesha haraka, nitafika kwa Loretta na albamu kwapani. Nitaiweka katikati ya karata. Atashangaa.

Albamu iliwekwa mwisho kabisa, baada ya vitanda vyote. Nimeipata. Kwa Loretta sikufika.

Ijumaa, 17 Novemba
Ujumbe wa Loretta kwenye simu. Walinisubiri, kahawa ikapoa, mwishowe dada yake akamwita Clyde akae nafasi yangu. Sauti haikuwa ya hasira. Akasema Jumapili anapika kuku na tambi nene, niende nile, wawili tu, nisilete chochote.

Clyde! Bila shaka alikwenda na ile noti mfukoni.

Noti za albamu nimezipapasa nyuma. Laini, zote. Lakini Jumapili mchana kuna mnada mji wa Lebanon, hapahapa Pennsylvania, na nimesikia ipo noti moja ya New Jersey. Nimempigia Loretta kumwambia asinisubiri kula. Akasema, “Haya, Wendell,” akakata simu. Nadhani tayari ameanza kuwa na hamu ya kuiona.