Vitabu Vyangu na Simu ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Nimeaibishwa. Mgahawani kwa Mama Gertruda, mchana kweupe, na shemeji yangu mwenyewe!

Luisa anayetuletea usipa, wale dagaa wa ziwani, kutoka Ngumbo alikuwa anabisha kwamba Ziwa Nyasa halina mwisho kwenda chini. Wengine wakakataa. Kama kawaida wakanigeukia mimi. Ubishi ukishindikana hapa Mbinga, anaulizwa Mzee Florian, kwa sababu Mzee Florian ana ensaiklopidia. Juzuu kumi na nane za jalada gumu, za Kiingereza, nilizoachiwa na padri mmoja alipokuwa anarudi kwao. Wao hawazisomi. Mimi nawatafsiria, na pale kitabu kinapokuwa kifupi naongezea kidogo.

Nikaenda nyumbani, nikarudi na juzuu, nikaanza kusoma kwa sauti kwamba ziwa hili liko kati ya Tanganyika na Nyasaland.

Jastini, mume wa dada yangu Theodosia, akacheka hadi chai ikamtoka puani. Akauliza Nyasaland ndiyo wapi, na nauli ya kwenda huko ni pauni ngapi. Kisha akatoa simu. Akasoma kina cha ziwa kwa Kiswahili, na picha ya samaki juu yake. Watu wote wakaihamia simu.

Kitabu hakijakosea. Nchi ndizo zilizobadilika bila kukiarifu.

Nimemuuliza Jastini nani anaandika hiyo kamusi elezo ya mtandaoni. Anasema watu wote. Watu wote! Hata Luisa? Anasema hata Luisa akitaka. Na ni bure. Hapo ndipo nilipopata wasiwasi mkubwa. Mtu akupe elimu bure, anataka nini?

Niseme ukweli, maana hapa hanisomi mtu. Tangu nistaafu ushirika wa kahawa, anayegonga mlango wangu ni mwenye swali tu. Simu ikimaliza maswali yote, nani atagonga?

Jumanne, 5 Machi

Nina mpango!

Nitaweka uongo ndani ya hiyo kamusi. Jastini atausoma mbele za watu. Nitasimama nimuumbue, na simu yake itaishia hapo.

Nimeweka bando. Nikaandika kwamba zao kuu la Kitura, kijiji cha kwetu, ni karafuu. Nikaenda kumwaga maji kwenye mche wa parachichi, kurudi, karafuu hakuna! Imefutwa. Nani huyo anayekesha akinilinda? Namshuku Jastini. Mke wangu Bonifasia anasema Jastini yuko shambani tangu asubuhi. Mbona anajua Jastini alipo? Nimeandika hilo pia kichwani.

Jaribio la pili lilihitaji akili zaidi. Nikafungua ukurasa wa ngoro, yaani mashamba yetu ya mashimo yanayozuia udongo wa milimani usiondoke na mvua. Nikaandika kwamba ngoro ya kwanza kabisa ilichimbwa na Mzee Nazari wa Kitura. Nazari ni babu yangu mzaa baba. Uongo lazima uwe na jina, na la babu ndilo lililokuwa karibu.

Haujafutwa. Nimeangalia hadi chaji imeisha.

Jumatano, 6 Machi

Mtego umenasa, lakini sielewi umemnasa nani.

Jastini alisoma kwa Mama Gertruda, kwa sauti, neno kwa neno. Nikasimama ili nimuumbue. Kabla sijafungua mdomo, mtendaji wa kata akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akaniamkia upya, akaniuliza kwa nini siku zote nilikuwa nimenyamaza. Ijumaa ni Siku ya Wanawake. Wageni wa kilimo wanatoka mkoani kuja kuona ngoro za Kitura. Anataka nikae meza kuu, mjukuu wa mwanzilishi! Watu wakapiga makofi. Mama Gertruda akaniletea chai na andazi bila kuombwa.

Nilitaka kusema. Nikaliuma andazi.

Jastini hakupiga makofi. Alinitazama kwa lile jicho lake, akauliza kwa upole: "Na vile vitabu vyako, shemeji, vinasemaje kuhusu ngoro?"

Upole wa Jastini naujua. Nikamwambia nitaangalia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeangalia. Kitabu kinasema mashimo ya Wamatengo, yaani sisi, ni ya kale na aliyeyaanza hajulikani. Miaka yote hii natunza vitabu hivi visiingie panya, na leo ndivyo vinavyonisaliti!

Asubuhi mlango uligongwa. Nilifurahi, nikajua ni swali. Nikachungulia: Jastini. Nikamwambia Bonifasia aseme nimelala. Alisema nimelala, kisha akaongeza kwamba nimelala kwa kusimama nyuma ya pazia. Jastini akaacha ujumbe kwamba atarudi, ana hamu na juzuu ya herufi M.

Huyu mtu ananichimba. Sasa ni wazi.

Nimekata ule ukurasa kwa wembe, pole pole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Umeingia jikoni chini ya sufuria ya maharage. Iliniuma sana. Lakini juzuu kumi na nane hazitalia kwa ukurasa mmoja. Bonifasia aliuliza harufu gani hiyo. Nikasema kuni mbichi.

Hii ni Kwaresima na nimejinyima sukari. Ningejua, ningejinyima shemeji.

Ijumaa, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Kitura ilijaa vitenge. Nilikaa meza kuu, soda mbele yangu, koti la harusi. Mshereheshaji akanitambulisha: mjukuu wa mwanaume aliyechimba ngoro ya kwanza duniani.

Kicheko kikaanzia kwa wanawake wa nyuma, kikaja mbele kama mvua inayotembea juu ya mabati. Sikuelewa! Hadi dada yangu Theodosia alipochukua kipaza sauti.

"Babu Nazari achimbe ngoro? Babu alifyeka nyasi, akazipanga, akaenda zake kunywa. Kama wanaume wote. Mashimo alichimba bibi, na mama, na mimi hapa. Mikono yangu hii!"

Na ni kweli. Kila mtu katika milima hii anajua kwamba kufyeka na kupanga nyasi ni kwa mwanaume, na kuchimba na kufukia ni kwa mwanamke. Hata mimi najua. Sijui nilipokuwa naandika nilikuwa wapi. Na Siku ya Wanawake, jamani! Bonifasia alicheka mpaka akaketi chini.

Haikuishia hapo. Mgeni mmoja, dada mwenye miwani, akauliza habari hizi zimetoka wapi. Jastini akampa simu. Yule dada akabonyeza mahali, akasema kamusi hii hutunza kila badiliko na jina la aliyelifanya. Akalisoma jina. FlorianWaMbinga.

Niliombwa jina wakati wa kujiandikisha, nikatoa. Mimi ni mtu mwaminifu. Kitabu gani lakini kinachomchongea kila aliyekigusa? Changu unaweza kukikata kwa wembe na kisiseme neno.

Jumamosi, 9 Machi

Mlango haukugongwa. Niliacha redio imezimwa ili nisikie vizuri. Jioni nilipita nje ya kwa Mama Gertruda. Walikuwa wanabishana kuhusu umri wa mamba, na hakuna aliyeinua macho. Nimesikitika, na sioni aibu kuliandika hilo.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya misa, mlango umegongwa!

Ni Jastini. Nimemfungulia mwenyewe. Amekaa, amekohoa. Mwishowe amesema anajaribu kurekebisha ule ukurasa wa ngoro tangu jana, lakini maneno yake yanafutwa. Kwa ule uongo wangu, wenye kamusi sasa wanataka ushahidi wa kitabu kilichochapishwa, jina la kitabu na namba ya ukurasa. Simu yake haina. Amezunguka mpaka Kigonsera, hajapata.

"Shemeji," akasema, "kwa hili hakuna mwingine. Ni wewe tu na vitabu vyako."

Ametamka hivyo, na Bonifasia akisikia! Ningeweza kulia. Kisha nikakumbuka sufuria ya maharage.

Nimemwambia juzuu ya M naisoma kwa makini, arudi Jumanne. Amenishukuru kwa mikono miwili. Namshuku, lakini kidogo.

Kesho naamkia steshenari. Nitachapa ule ukurasa upya, maneno nayakumbuka karibu yote, na nitaupaka chai ya rangi ili uzeeke. Nitaandika kama ilivyokuwa, kwamba mashimo ni ya kale na aliyeyaanza hajulikani kwa hakika. Kisha mstari mmoja tu chini yake: wazee wengi humtaja bibi mmoja wa Kitura, mke wa Mzee Nazari.

Safari hii wanawake hawatakuwa na la kucheka.